Kifua cha Nalianya

Nalianya ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Kitengela, nyuma ya soko, na mikono yake ni mibaya. Simtukani. Cheche zimemla miaka mingi, vidole vimekuwa kama gome la mti, na kucha ya gumba la kushoto ilianguka ikakataa kurudi. Tunaishi plot moja, mlango wake unatazamana na wangu, kamba ya nguo tunagawana. Alitoka kwao Kimilili akiwa kijana, akafanya kibarua cha mawe huko Kisaju, jua likamchapa mpaka akaona heri moto wa kuchomelea. Maneno ni machache. Ukimsalimia asubuhi anainua kidevu, na hapo jua umesalimiwa.

Bibi yake, Nasike, ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Alishona nguo kwa kiwanda kimoja cha Athi River, na jioni akirudi tulimsikia tangu getini. Alimcheka mume wake, akanicheka mimi, akazicheka chapati zangu ninazouza pale nje.

"Mama Caro, hii moja ukimrushia mwizi utafungwa kwa kuua."

"Basi usile."

"Nitakula nini na nyinyi Wakikuyu mmejaa plot yote?"

Ndivyo tulivyopendana.

Mimba yake ilipoingia mwezi wa saba, miguu ikavimba, uso ukavimba, akasema ni kusimama kwa mashine. Tulikubali, maana kila mtu hapa anasimama. Jumapili moja akaanguka karibu na mfereji, macho yamegeuka, mwili unaruka. Presha. Hapa Kitengela vitanda vya watoto wachanga vilikuwa vimejaa, Nasike akakimbizwa Kajiado, kwa hospitali moja ambayo jina lake naliacha. Mtoto akatolewa kwa upasuaji. Msichana, kilo moja na kitu kidogo, mwekundu kama nyama iliyochunwa. Nasike hakuamka. Walimweka wadi nyingine na mashine ya kumpumulia.

Kwa hivyo Nalianya alikuwa na watu wawili chini ya paa moja, mmoja huku, mmoja kule, na katikati kuna veranda ndefu inanuka dawa ya kuosha sakafu. Siku za kwanza alikuwa anatembea tu hiyo veranda. Akifika kwa mtoto anasimama nje ya kioo, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia televisheni ya dukani. Akiambiwa aingie anasema ataingia kesho.

Wadi ya watoto hao ilikuwa chini ya sista mmoja anaitwa Mbeke, Mkamba mnene, sauti ya polepole, jicho la haraka. Siku daktari aliposema mtoto anaweza kutoka kwa sanduku la joto, na kwamba wengine wanalingoja, Mbeke alimtoa Nalianya kwenye kioo kwa mkono.

"Baba ya mtoto, toa shati."

"Nitoe shati?"

"Kwani ulilipigilia na misumari?"

Kile chumba kilikuwa cha akina mama, kila mmoja na mtoto wake amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndiyo dawa yenyewe. Joto la mtu linamshikilia mtoto, moyo wa mtu unamkumbusha wake. Mama akiwa hawezi, baba anaitwa. Lakini baba gani aliwahi kuitwa na akaja? Wamama wakacheka.

"Sista, mimi ni fundi," Nalianya akasema. "Angalia hii mikono."

"Nimeiangalia. Nimekuomba kifua."

Kwenye kona alikuwa ameketi nyanya mmoja Mmaasai, amekuja kumsaidia binti yake. Akamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa, baba! Siku hizi wanaume wananyonyesha?"

"Epa," Nalianya akajibu kwa sauti ya kuku mgonjwa, na chumba kizima kikacheka tena. Akavua.

Nilikuwa nimepeleka chakula siku hiyo, nikaona. Walipomwekea yule mtoto hapo kifuani, kichwa kama limau, yule mwanaume aliacha kupumua yeye mwenyewe. Mbeke akafunga shuka kumzunguka, akakaza, kisha akaificha mikono yake mwenyewe kwapani.

"Sasa?" Nalianya akauliza.

"Sasa nini? Mimi leo sina mikono."

Huo ulikuwa ufundi wake. Anakuonyesha mara moja, kisha mikono inapotea kwapani, na hata ulie haitoki. Kumlisha ilikuwa kwa mrija mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Maziwa unayatia kwenye bomba la sindano lililo wazi juu, unaliinua, yanashuka yenyewe polepole. Mara ya kwanza Nalianya aliliinua kama anayepeperusha bendera, maziwa yakakimbia, mtoto akatapika.

"Sista! Shika!"

"Nishike na nini? Shusha. Shusha zaidi. Hapo. Tulia."

Yakaingia. Yakaisha.

"Nani amemlisha?" Mbeke akauliza.

"Ni wewe."

"Mikono yangu iko wapi?"

Akaangalia. "Kwapani."

"Basi nani amemlisha?"

"Ni mimi."

"Sema kwa sauti. Hawa wamama wanadhani mimi ndiye nafanya kazi hapa."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mbeke alilisema bila mzaha. Watoto hawa husahau kupumua. Wanapumua, wanapumua, kisha wananyamaza kama saa iliyosimama. "Akisahau, mkumbushe. Sugua mgongo kwa nguvu kidogo, piga unyayo na kidole. Usikimbie kunitafuta kwanza. Yeye hawezi kukungoja ukinitafuta." Ilitokea mara kadhaa, na kila mara Nalianya alisugua, jasho likimtoka, na mtoto akarudi. Baada ya hapo alianza hata kumkaripia. "Wewe, acha hiyo tabia."

Huko kwa karakana alikofanya kazi, mwenzake Mwololo alipata habari, akampigia simu nikiwa hapo. "Buda, nasikia umekuwa kangaruu. Umeota mfuko ama bado?"

"Njoo uone."

"Nikija nitakuletea nyasi."

Nalianya alicheka, na ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka mwaka huo.

Maana wiki iliyofuata alifika mama yake Nasike kutoka nyumbani, na mtoto akaanza kurudi nyuma. Kilo ikapungua. Kila saa ya kuona wagonjwa ikiisha, Mbeke alimkuta mtoto peke yake kitandani, miguu baridi, na Nalianya amekaa kando na shati limefungwa mpaka kooni.

"Bado unamuogopa?" Mbeke akamfokea mbele ya watu. "Tulimaliza haya mambo! Mtoto amepoa kama samaki wa friji!"

Daktari akasema baba hajiamini vya kutosha, mtoto arudishwe kwa sanduku. Wakamrudisha, wakamlaza na mwenzake, maana masanduku hayakutosha. Wamama wakaanza kunong'ona kwamba mwanaume ni mwanaume tu.

Mimi ndiye niliyeiona sababu. Walipomtoa tena kwa sanduku, nilikuwa nimekaa na Nalianya, mtoto kifuani pake analala vizuri. Nje ya mlango mtu akakohoa. Nalianya aliruka kama ameguswa na stima. Shuka likafunguliwa, mtoto akalazwa kitandani bila hata kofia, shati likavaliwa, vifungo vikaingia matundu yasiyo yao. Ndipo mama mkwe akaingia, macho chini, na Nalianya akatoka kwa mlango wa pili.

Nilimfuata hadi veranda. "Wewe ni mjinga ama ni mgonjwa?"

"Mama Caro, yule ni mkwe wangu."

"Na kwa hivyo?"

"Kwetu mkwe hawezi kuniona kifua wazi. Hata mkono hatusalimiani. Hata kiti kimoja hatukalii. Akiniona hivyo ni kama nimemvua nguo yeye."

"Na huyu akifa kwa baridi, utakuwa umemvua nani?"

Kwake afadhali aitwe mwoga kuliko kusema hilo jambo kwa sauti. Hata kwetu kuna heshima ya mkwe, lakini ya hawa ni ukuta. Yule mama mwenyewe alikuwa anakohoa mlangoni makusudi ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Alidhani anamheshimu. Wote wawili walikuwa na adabu sana, na mtoto ndiye aliyekuwa anailipia.

Kikohozi chenyewe hakikuwa cha adabu peke yake. Mama alikuwa na kifua kibaya cha miaka, na Mbeke alishamkataza kumbeba mjukuu. Kwa hivyo kifua kilichobaki ni kile kimoja.

Nikamwambia Mbeke. Akaleta shuka la hospitali, akalitundika kwa kamba kuanzia dirishani hadi kwa mlingoti wa dripu. Nalianya na mtoto upande huu, benchi la mama upande ule. Yule mama akakaa akilipa shuka mgongo, kwa uhakika zaidi.

Mazungumzo yao yalikuwa hivi.

"Mama Caro, muulize baba ya mtoto kama mtoto amekula."

Baba ya mtoto yuko karibu kuliko mimi. "Mama anauliza kama amekula."

"Mwambie amekula."

"Amekula."

"Muulize kama ametapika."

"Mwambie hapana."

"Mnanichosha! Mimi si simu!"

Nyanya wa Kimaasai alikuwa anashika mbavu. Lakini mtoto akapata joto, na kilo ikaanza kupanda tena, kidogo kidogo.

Nasike alikufa Jumanne mchana. Hakuwahi kumwona mtoto wake hata mara moja. Daktari na Mbeke walikuja pamoja, na wakija pamoja unajua. Nalianya alikuwa amekaa na mtoto kifuani. Walipomwambia, hakusimama. Alimfunika mtoto masikio kwa kiganja, kana kwamba ndiye hapaswi kusikia, akakaa hivyo. Kwenye veranda mama yake Nasike alikuwa ameshaanza, na kilio chake kiliingia mpaka kwa wale wengine wanaolala ndani ya masanduku.

Mazishi yakapangwa Jumamosi, nyumbani kwao Nalianya, Kimilili. Kaka yake mkubwa akapiga simu. Nilisikia yote, yule mtu huongea kama aliye ng'ambo ya mto.

"Kaburi tumeanza kuchimba. Gari la mwili likifika nataka nikuone umekaa mbele."

"Mtoto ako hospitali, kaka."

"Mtoto ni wa wanawake. Hakuna mama hapo?"

"Hakuna."

"Sikiza. Mwanaume asiyemtilia bibi yake udongo, hapa kwetu atakanyaga wapi? Nani atakaa naye? Hata wewe siku yako ikifika, nani atakubeba?"

Hivyo havikuwa vitisho vya bure. Mume asiyezika anaambiwa ndiye aliyeua. Hata sisi watu wa kando tuliona lazima aende. Mwololo na wenzake wa karakana walichanga, wakapata gari la kutoka Ijumaa asubuhi. Swali lilikuwa mtoto atakaa kwa kifua cha nani, maana kwenda Kimilili, kuzika na kurudi si safari ya saa mbili.

Nikasema mimi. Nimelea watano, nimelea na wajukuu, nikasema kwa mdomo mpana, "Leteni hapa, kwani huyu ni yai?" Mbeke aliniangalia kwa muda. Akasema sawa, lakini nijaribu Alhamisi, Nalianya akiwa bado yupo.

Alhamisi nikafungiwa mtoto nyuma ya shuka. Alikuwa mwepesi, nikahisi kama nimewekewa kitambaa chenye joto. Nalianya alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe la mazishi, anaongea na Mwololo mlangoni juu ya gari. Nikamnong'oneza mtoto mambo ya plot. Kisha nikaona kitambaa kimekuwa kizito. Nikaangalia. Midomo imekuwa rangi ya wino.

Niliambiwa nifanye nini. Nilikuwa nimemwona Nalianya akifanya. Mikono yangu ilibaki juu ya mapaja kama ya mtu mwingine, na kitu pekee kilichofanya kazi ni mdomo. Nikapiga kelele. "Sista! Sista wee! Anakufa!"

Aliyefika ni Nalianya. Alimchomoa kwangu, akamgeuza juu ya kiganja kile kibaya, akasugua mgongo. Hakuna. Akapiga unyayo. Hakuna. Akasugua tena, akisema naye kwa lugha yao, polepole, kama unavyomwamsha mtu asiyependa kuamka. Mtoto akavuta pumzi moja, akakunja uso, akalia kilio cha paka mdogo. Nalianya akararua lile shati, vifungo vikaruka chini ya vitanda, akamrudisha kifuani, akamshika.

Mbeke alikuwa amefika. Alisimama pembeni, mikono kwapani.

Na kelele zangu zilimleta mwingine. Mama yake Nasike alizunguka lile shuka bila kukohoa, mbio, kanga inaanguka, akafika mbele ya mkwewe uso kwa uso, Nalianya akiwa kifua wazi mpaka kiunoni.

Nalianya alitafuta kitu cha kujifunika kwa macho tu. Mikono haikutoka kwa mtoto. Nilimwona akijua kwamba haitatoka.

Yule mama hakugeuka. Aliangalia kile kifua, akaangalia mgongo wa mjukuu ukipanda na kushuka, akaniangalia mimi na mikono yangu mapajani, akarudisha macho kwa mkwewe. Halafu akaongea naye bila simu yoyote katikati.

"Nalianya."

"Mama."

"Ukienda, nani atamshika huyu?"

Nalianya hakunitazama. Hakuwa na haja. "Hakuna mtu, mama."

"Basi mimi nitamzika wangu. Wewe kaa na wako."

"Watasema, mama."

"Waje waseme na mimi."

Akaokota kanga yake, akatoka.

Ijumaa asubuhi Mwololo alileta gari mpaka chini ya dirisha la wadi, ambapo magari hayaruhusiwi. Akafungua mlango wa nyuma ili jeneza lionekane. Nalianya alisimama dirishani, mtoto ndani ya jaketi lake la kazi, kichwa kimetokeza kidogo. Hakuita, hakupunga mkono. Mwololo aliyekuwa na mdomo kwa kila kitu alivua kofia, akangoja, akafunga mlango. Mama alikaa mbele, mahali pa mume. Wakaondoka.

Jumamosi nilikuwa na Nalianya wadini. Mwololo alipiga simu kutoka makaburini akaiacha wazi, nami nikaishika karibu na sikio la Nalianya, sauti juu. Ulikuwa wakati wa kumlisha mtoto. Aliinua bomba, maziwa yakaanza kushuka. Tukasikia wimbo, tukasikia mchungaji, tukasikia upepo.

"Mume wa marehemu aje atie udongo," mchungaji akasema.

Watu wakaguna.

"Hayuko," mtu akasema.

"Aitwe tena," akasema kaka yake, ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Aitwe mara ya pili watu wasikie."

"Msimuite." Ilikuwa sauti ya mama, imekwaruza. "Ni mimi nilimkataza kuja. Ako na mtoto."

Mzee mmoja akamkatiza. "Mama, wewe ni mkwe hapa. Hiyo si mila."

"Na mimi kuzika mtoto wangu ni mila?"

Kisha tukasikia udongo, ule wa kwanza ambao huanguka na mlio, halafu mwingine, halafu majembe mengi pamoja.

Nalianya alikuwa analiangalia bomba. Hakuliinua, hakulishusha. Machozi yalimfika kidevuni yakadondokea shuka, na maziwa yakaendelea kushuka kwa mwendo ule ule mpaka yakaisha. Akafunga mrija. Akamfuta mtoto mdomo.

"Zima, Mama Caro," akasema. "Amelala."

Mtoto alitoka hospitali mwezi uliofuata. Ni mdogo kwa umri wake, jicho moja halifuati mwanga vizuri, na tunarudi Kajiado kliniki kila wanapotuita. Mchana akiwa kazini nakaa naye mimi, na mikono yangu imejifunza, kwa kuchelewa. Kaka yake Nalianya hashiki simu. Wazee wa kwao wamesema kwanza akae kikao, aoshwe kwa mila, ndipo akanyage boma, na kikao chenyewe hakuna anayekiitisha. Mama yake Nasike naye hawezi kuja Kitengela mpaka hilo jambo la kuonana kifua wazi lifanyiwe desturi zake, na desturi zinataka pande mbili zikae pamoja. Kwa hivyo anapiga simu. Jumapili iliyopita alipiga, nikamwambia nampa Nalianya.

"Hapana," akasema. "Wewe niambie tu kama amekula."

Nalianya alikuwa hapo mlangoni amembeba. Nikamwambia amekula.